Eosinofili, FeNO, IgE au CRP: kuchagua kiashiria kwa mwenye pumu au ugonjwa sugu wa mapafu

Mtu aliyehangaika na kubanwa kifua kwa miaka, au mzazi ambaye kifua cha mwanawe hutoa mluzi kila usiku wa baridi, akifika kliniki ya mapafu siku hizi anaweza kutoka na karatasi yenye orodha ya vipimo vya damu, vya pumzi na vya ngozi, ambavyo vyote huitwa kwa jina moja viashiria vya kibayolojia. Bei zake hazilingani hata kidogo, vingine ni shida kuvipata nje ya miji mikubwa, na si kila bima inavilipia. Kwa hiyo ni haki ya mgonjwa, na pia ya tabibu wa kituo kidogo, kuuliza kipi kianze na kipi kinaweza kusubiri. Makala haya yanalinganisha vipimo vinavyotajwa zaidi kwa wenye pumu na kwa wenye ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ule unaofahamika hospitalini kwa herufi COPD.

Jambo moja litangulie. Hakuna kiashiria hata kimoja kati ya hivi kinachochukua nafasi ya spairometri, yaani kipimo cha kupuliza. COPD huthibitishwa pale ambapo, baada ya mgonjwa kuvuta salbutamoli, dawa ya kupanua mirija, hewa anayoitoa katika sekunde ya kwanza ni chini ya asilimia 70 ya hewa yote anayoweza kuipuliza. Pumu hujidhihirisha kwa kubadilikabadilika: mirija iliyoziba leo hufunguka kesho, au hufunguka baada ya dawa kwa kiwango cha angalau asilimia 12 na mililita 200 juu ya pale ilipokuwa. Mahali pasipo na spairometa, kile kifaa kidogo cha mkononi kinachopima kasi ya juu ya pumzi, kikitumiwa asubuhi na jioni kwa wiki mbili na majibu yakaandikwa daftarini, huonyesha mabadiliko hayo vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Kiashiria huja baada ya hapo, nacho hujibu swali la pili: uvimbe uliomo ndani ya mirija hii ni wa aina gani, na je, dawa tunayofikiria itautuliza?

Dawa inayogombewa zaidi hapa ni steroidi ya kuvuta. Kwa mwenye pumu hakuna mjadala mkubwa, kwani tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa GINA haupendekezi tena mtu mzima au kijana atibiwe kwa salbutamoli peke yake, na takriban kila mwenye pumu anastahili kupata steroidi ya kuvuta kwa namna moja au nyingine. Kwa mwenye COPD mambo ni tofauti: dawa hiyohiyo huwapunguzia baadhi ya wagonjwa vipindi vya kuzidiwa, na kwa wengine huongeza hatari ya nimonia bila faida ya kutosha, huku aliyewahi kuugua kifua kikuu akihitaji tahadhari zaidi. Kwa sababu hiyo kiashiria kilekile huwa na uzito tofauti katika magonjwa haya mawili, na ulinganisho usiotenganisha magonjwa hayo humpotosha msomaji tangu mwanzo.

Vigezo vya ulinganisho

Kila kipimo kimepitishwa kwenye maswali matano yaleyale. La kwanza ni swali la tiba ambalo kipimo kinaweza kulijibu, kwa maana kipimo ambacho jibu lake, liwe juu au chini, halitabadilisha dawa, hakina sababu ya kulipiwa. La pili ni namna ya kusoma tarakimu zake. La tatu ni mambo yanayoweza kulipotosha jibu, na hapa mazingira ya Afrika Mashariki yana mengi ya kusema, kwa sababu minyoo, kifua kikuu, malaria na moshi wa kuni vyote huacha alama katika damu na katika pumzi. La nne ni upatikanaji na gharama. La tano ni mtu anayefaidika nacho zaidi.

Eosinofili za damu

Swali linalojibiwa. Eosinofili ni aina ya seli nyeupe iliyopewa jina na Paul Ehrlich mwaka 1879, alipoona jinsi chembechembe zake zinavyoshika rangi ya eosini. Kwa mwenye COPD anayezidiwa mara kwa mara licha ya kutumia dawa za kupanua mirija, idadi ya seli hizi husaidia kukisia kama steroidi ya kuvuta itamfaa. Kwa mwenye pumu, huonyesha kama uvimbe wake ni ule unaoitwa wa aina ya pili, unaoendeshwa na mzio na eosinofili, ambao ndio huitikia steroidi na zile sindano mpya za kingamwili.

Namna ya kusoma. Mwongozo wa GOLD, unaosimamia tiba ya COPD duniani, unaeleza kwamba mgonjwa mwenye eosinofili chini ya 100 kwa mikrolita moja ya damu hana matumaini makubwa ya kufaidika na steroidi ya kuvuta, mwenye 300 au zaidi ana matumaini makubwa, na aliye katikati huamuliwa kwa kuangalia historia yake. Mipaka hii isisomwe kama ukuta, kwa kuwa faida hupanda polepole kadiri idadi inavyopanda, na mtu wa 290 hatofautiani na mtu wa 310. Kwa pumu kali inayotibiwa kwa dozi kubwa, GINA huchukulia 150 au zaidi kuwa dalili ya uvimbe wa aina ya pili.

Karatasi nyingi za maabara huandika asilimia tu, na hapo ndipo makosa mengi huzaliwa. Asilimia 5 ya seli nyeupe 6,000 ni eosinofili 300, lakini asilimia 5 hiyohiyo ya seli nyeupe 3,000 ni 150, na watu hawa wawili wanaweza kustahili dawa tofauti. Jibu likiandikwa 0.3 katika kipimo cha bilioni kwa lita, maana yake ni 300 kwa mikrolita.

Kinachopotosha. Orodha ni ndefu, na kwetu huanza na minyoo. Safura, minyoo mviringo, strongiloidi, kichocho na matende vyote huweza kupandisha eosinofili, wakati mwingine hadi maelfu, bila uhusiano wowote na pumu. Majaribio mengi yaliyozaa mipaka ya 100 na 300 yalifanywa kwa wavutaji wa sigara katika nchi ambako minyoo hii ni nadra. Huku kwetu COPD mara nyingi ni ya mtu ambaye hajawahi kushika sigara, aliyepika kwa kuni tangu utotoni au aliyebaki na makovu ya kifua kikuu. Utafiti wa Masindi nchini Uganda, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta COPD kwa takriban asilimia 16 ya watu wazima wenye umri wa zaidi ya miaka 30, na karibu wote waliochunguzwa walikuwa wakiishi na moshi wa kupikia. Kwa maoni yangu, tarakimu ya 300 inapotoka kwa mkulima wa mpunga anayeshinda miguu wazi topeni, isipewe uzito uleule unaopewa tarakimu ya 300 ya mstaafu wa Manchester, mpaka minyoo iwe imetafutwa na kutibiwa.

Upande wa pili, jibu linaweza kushushwa kwa uongo. Vidonge vya prednisoloni, ambayo nayo ni steroidi, huzifagia eosinofili kutoka kwenye damu ndani ya saa chache, na maambukizi makali ya bakteria huzishusha pia. Idadi hubadilika hata ndani ya siku moja, usiku ikiwa juu na kuelekea adhuhuri ikiwa chini. Kwa hiyo kipimo kimoja kilichochukuliwa siku mgonjwa alipolazwa, akiwa ameshachomwa sindano ya steroidi mapokezi, hakifai kutumiwa kumnyima dawa ya miaka kumi ijayo.

Upatikanaji. Hapa hakuna kipimo kinachokaribia, kwa kuwa eosinofili ni sehemu ya picha kamili ya damu, ambayo hufanyika hadi katika vituo vingi vya afya. Lakini kuna mtego usiosemwa sana: mashine ndogo za maabara zinazogawa seli nyeupe katika makundi matatu huzichanganya eosinofili na monositi na basofili katika kundi moja la kati, hivyo karatasi haitazitaja kabisa. Dawa yake ni kuomba mashine inayogawa makundi matano, au kumwomba mtaalamu wa maabara ahesabu kwa hadubini kwenye kioo chenye damu iliyotiwa rangi, kazi ambayo mafundi wetu wengi wanaijua vizuri kutokana na malaria.

Kinamfaa nani. Mwenye COPD anayezidiwa mara mbili au zaidi kwa mwaka, na mwenye pumu isiyotulia ingawa anavuta dawa kwa usahihi. Mara nyingi pia hakihitaji kulipiwa upya, kwa sababu picha za damu za miaka iliyopita zimo katika faili la mgonjwa, na majibu mawili matatu ya nyakati tofauti huaminika kuliko moja.

FeNO, au oksidi ya nitriki katika pumzi

Swali linalojibiwa. Watafiti wa Uswidi walionyesha mwaka 1991 kwamba pumzi ya binadamu ina oksidi ya nitriki, na miaka miwili baadaye ikaonekana kwamba wenye pumu huitoa kwa wingi zaidi. Kipimo cha FeNO huuliza kama utando wa mirija yenyewe una uvimbe wa aina ya pili, jambo ambalo damu hulisema kwa mbali tu. Husaidia kuthibitisha pumu yenye mashaka, na husaidia kung'amua kama mgonjwa anavuta steroidi yake kweli, kwa kuwa FeNO hushuka dawa inapotumika ipasavyo.

Namna ya kusoma. Mgonjwa hupuliza polepole, kwa kasi isiyobadilika ya mililita 50 kwa sekunde, na mashine huonyesha tarakimu ya sehemu kwa bilioni. Kwa mtu mzima, chini ya 25 huhesabiwa kuwa chini na zaidi ya 50 huhesabiwa kuwa juu. Kwa watoto mipaka hiyo ni 20 na 35. Mwongozo wa Uingereza wa Novemba 2024 umekwenda mbele zaidi: mtu mzima mwenye historia inayofanana na pumu akipata 50 au zaidi, au akiwa na eosinofili za damu zinazozidi kiwango cha kawaida cha maabara, pumu huhesabika imethibitishwa bila kudai kipimo kingine. Inafaa kukumbuka kwamba uamuzi huo ulifanywa kwa ajili ya nchi yenye minyoo michache. Nusu yake inayohusu FeNO husafiri vizuri hadi kwetu kuliko nusu inayohusu damu.

Kinachopotosha. Uvutaji wa sigara hushusha FeNO, na ndiyo sababu kipimo hiki hakijapata nafasi thabiti kwa wenye COPD. Steroidi ya kuvuta huishusha pia. Mafua ya mzio ya muda mrefu huipandisha, kama yafanyavyo maambukizi ya virusi na mboga zenye nitrati nyingi kama mchicha zikiliwa muda mfupi kabla ya kupima. Kupuliza kwa nguvu kwenye spairometa huibadilisha kwa muda, kwa hivyo FeNO hutangulia na spairometri hufuata. La muhimu kuliko yote, FeNO ya chini haimnyimi mwenye pumu steroidi yake, kwa kuwa wapo wagonjwa wenye FeNO ya chini wanaonufaika nayo.

Upatikanaji. Mashine ni ndogo na kipimo hakina maumivu, ila kuiendesha ni ghali kwa sababu vihisi vyake huisha muda na lazima vinunuliwe upya. Huku kwetu hupatikana zaidi katika hospitali kubwa za rufaa, baadhi ya hospitali binafsi na vituo vya utafiti. Kwa Mswahili anayeishi Ulaya, daktari wake wa kawaida anaweza kuwa nayo chumbani.

Kinamfaa nani. Mtoto wa shule au kijana asiyevuta sigara ambaye dalili zake zinayumbisha wataalamu, na mgonjwa wa pumu kali anayeshukiwa kuiacha inhela kabatini. Mzazi anayeogopa mtoto wake kuchomwa sindano atakipenda, ingawa mtoto wa chini ya miaka mitano kwa kawaida hawezi kupuliza inavyotakiwa.

IgE ya jumla, IgE mahususi na kipimo cha ngozi

Swali linalojibiwa. IgE ni kingamwili ya mzio. Kipimo cha jumla huonyesha wingi wake wote katika damu. Kipimo mahususi, pamoja na kile cha kuchoma ngozi ya mkono kwa matone ya vizio, huuliza mwili unakasirishwa na nini hasa: utitiri wa vumbi, mende, chavua, manyoya ya paka, ukungu. Jibu hubadilisha tiba hasa katika njia tatu: kumwelekeza mgonjwa anachopaswa kukiepuka, kupanga dozi ya omalizumabu (mojawapo ya zile sindano za kingamwili), na kugundua mzio wa ukungu wa Aspergilasi unaoharibu mirija.

Namna ya kusoma. Dozi ya omalizumabu hupangwa kwa uzito wa mwili na IgE ya jumla iliyopimwa kabla ya kuanza. Katika Ulaya jedwali lake huanzia uniti 30 hadi 1,500 kwa mililita. Baada ya kuanza, IgE ya jumla hupanda kwa sababu ya dawa yenyewe, hivyo kuirudia ili kuona kama mgonjwa anapona ni kupoteza fedha. IgE ya jumla ya 500 au zaidi kwa mwenye pumu, ikiambatana na IgE mahususi ya Aspergilasi, humfanya daktari autafute ule ugonjwa wa ukungu.

Kinachopotosha. Minyoo tena, na hapa madhara yake ni makubwa zaidi kuliko kwenye eosinofili. Mtu mwenye minyoo mviringo anaweza kuwa na IgE ya maelfu bila mzio wowote wa vumbi. Hata kipimo mahususi hakijaponea, kwa kuwa protini ya tropomaiosini iliyomo kwenye minyoo inafanana na ile ya utitiri na ya mende, na kingamwili iliyotengenezwa dhidi ya mmoja huweza kumtambua mwingine. Kipimo cha ngozi hushinda hapa kwa sababu kinaonyesha mwitikio wa mwili wenyewe, lakini mgonjwa lazima awe ameacha dawa za mzio kama setirizini kwa siku kadhaa. Kipimo mahususi cha damu hakiathiriwi na dawa hizo. Katika vyote, jibu chanya peke yake halitoshi: anayeonyesha mzio wa paka lakini halalamiki akiwa karibu na paka hana sababu ya kumfukuza paka.

Upatikanaji. Kipimo cha ngozi ni nafuu kikipata mtu aliyefunzwa na matone yaliyotunzwa kwenye jokofu. Vifurushi vya IgE mahususi vya vizio thelathini au arobaini, vinavyotangazwa sana na maabara binafsi, huwa ghali, navyo huzalisha majibu chanya ambayo hakuna anayejua la kufanya nayo. Ni bora kuuliza vizio vinne au vitano ambavyo historia imeshavitaja.

Kinamfaa nani. Mwenye pumu iliyoanza utotoni, yenye mafua na muwasho wa macho, inayozidi akifagia au akilala chumba chenye unyevu, na mwenye pumu kali anayefikiriwa kwa sindano. Kwa COPD ya kawaida IgE haina kazi.

Eosinofili za makohozi

Swali linalojibiwa ni lile la eosinofili za damu, ila huulizwa palepale kwenye mapafu, na utafiti wa Leicester uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kurekebisha tiba ya pumu kwa kufuata makohozi hupunguza vipindi vya kuzidiwa. Kusoma ni rahisi: asilimia 2 hadi 3 au zaidi ni nyingi. Kinachopotosha ni mate yaliyochanganyika na makohozi, na steroidi za vidonge. Upatikanaji ndio unaokiangusha, kwa kuwa mgonjwa huvutishwa mvuke wa maji ya chumvi kali, jambo linaloweza kumbana kifua, na sampuli lazima ishughulikiwe ndani ya saa chache na mtaalamu aliyezoea. Tena mahali penye kifua kikuu, kumkohoesha mtu ndani ya chumba kisicho na hewa ya kutosha ni kuwahatarisha wengine. Kinamfaa mgonjwa wa pumu kali aliye katika hospitali yenye maabara ya utafiti. Wengine wasijilaumu kwa kukikosa.

CRP

Swali linalojibiwa. Protini hii hutengenezwa na ini mwili unapopambana na uvimbe. Kwa mapafu haisemi lolote kuhusu steroidi. Husaidia katika swali moja finyu lenye thamani kubwa: mwenye COPD aliyezidiwa leo anahitaji antibiotiki au la?

Namna ya kusoma. Katika utafiti uliofanywa kwenye vituo vya madaktari wa familia nchini England na Wales, na kuchapishwa mwaka 2019, madaktari walielekezwa kwamba chini ya miligramu 20 kwa lita antibiotiki huenda isisaidie, kati ya 20 na 40 huweza kusaidia kama makohozi yana usaha, na zaidi ya 40 huenda ikasaidia. Waliotumia antibiotiki walipungua kutoka asilimia 77 hadi 57, na wagonjwa hawakudhurika. Makohozi yanayobadilika rangi kuwa ya kijani yanabaki kuwa kiashiria kizuri kisicholipiwa, na ningependa kila tabibu ayaangalie kabla hajaandika chochote.

Kinachopotosha. CRP hupanda kwa malaria, kwa kifua kikuu, kwa jipu la jino. Shirika la Afya Duniani, tangu 2021, hukubali CRP inayozidi miligramu 5 kwa lita kama kichujio cha kutafuta kifua kikuu kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Kwa hiyo CRP iliyo juu kwa mgonjwa anayekohoa kwa wiki kadhaa, anayetokwa jasho usiku na kupungua uzito, imwelekeze kwenye kipimo cha makohozi cha kifua kikuu kabla ya antibiotiki ya tatu.

Upatikanaji. Ni nafuu, hufanyika kwa tone la damu ya kidole, na vifaa vyake vimeenea kuliko vya FeNO. Angalia tu kama kifaa kinatoa tarakimu, maana vile vinavyosema ndiyo au hapana pekee haviwezi kutumika kwa mipaka iliyotajwa.

Kinamfaa nani. Mwenye COPD iliyokwisha kuthibitishwa aliyezidiwa na asiyehitaji kulazwa. Kwa mwenye pumu aliyebanwa, ambaye mara nyingi amechokozwa na virusi au vumbi, CRP huchelewesha salbutamoli bila sababu.

Vilivyobaki

Alfa-1 antitripsini ni protini inayolinda mapafu, na upungufu wake wa kurithi uligunduliwa Uswidi mwaka 1963 na Carl-Bertil Laurell na Sten Eriksson. Hupimwa mara moja tu maishani, na Shirika la Afya Duniani limewahi kushauri kila mwenye COPD apimwe. Upungufu mkali ni wa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini hasa, kwa hiyo kwetu kipimo hiki kinamstahili kwanza mtu mwenye asili hiyo, au aliyeharibika mapafu akiwa kijana bila sigara, kuni wala kifua kikuu, au mwenye ndugu walioharibika ini bila maelezo. Kisipimwe wakati wa homa, kwani protini hii hupanda mwili ukiwa na uvimbe na kuuficha upungufu wa wastani.

Fibrinojeni ilikubaliwa na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2015 kwa ajili ya kuchagua wagonjwa wa COPD wa kuingizwa katika majaribio ya dawa. Kazi hiyo ni ya watafiti, na mgonjwa mmoja mmoja hana la kufanya na jibu lake.

Kuchagua kwa kufuata hali

Ikiwa bado hakuna aliyekupima kwa kupuliza, fedha ya kwanza iende huko. Mwenye dalili zinazoelekea pumu ambaye spairometri yake imetoka ya kawaida siku ya kliniki, kwa kuwa siku hiyo hakuwa amebanwa, ndiye anayefaidika zaidi na FeNO kama ipo karibu. Kama haipo, daftari la kifaa cha kupulizia na majaribio ya steroidi ya kuvuta kwa wiki kadhaa chini ya uangalizi wa tabibu humfikisha palepale, ingawa kwa kuchelewa.

Mwenye pumu iliyothibitishwa inayotulia kwa dozi ndogo ya inhela hahitaji kiashiria chochote. Asiyetulia aanze na mambo yasiyo na maabara: namna anavyovuta dawa, kama anaivuta kila siku, moshi wa jikoni, sigara ya mtu mwingine ndani ya nyumba. Hapo ndipo eosinofili za damu zinapofuata, na FeNO ikiwezekana. Kipimo cha ngozi kiongezwe historia inapokitaka.

Mama aliyepika kwa kuni miaka arobaini na spairometri ikathibitisha COPD, akiwa anazidiwa mara kwa mara, apewe picha kamili ya damu, atafutwe minyoo, na kipimo kirudiwe wiki kadhaa baada ya tiba ya minyoo. Akiwa na 300 au zaidi bado, mjadala wa kuongeza steroidi ya kuvuta una msingi. Akiwa chini ya 100, au ameshaugua nimonia mara kadhaa, dawa mbili za kupanua mirija bila steroidi humfaa zaidi. Anayetumia steroidi tayari asiiache mwenyewe kwa kusoma tarakimu: kuiondoa ni uamuzi wa daktari, na kwa wenye eosinofili nyingi kuiondoa huweza kurudisha vipindi vya kuzidiwa.

Aliyewahi kutibiwa kifua kikuu na sasa anabanwa kifua yuko katika hali ngumu kuliko wote, kwa kuwa viashiria hivi havikutengenezwa kwa ajili yake. Kwake picha ya kifua, kipimo kipya cha kifua kikuu na spairometri vina uzito kuliko CRP au FeNO, na steroidi ya kuvuta ianzishwe tu palipo na ushahidi wa pumu au eosinofili nyingi zisizoelezeka kwa minyoo.

Anayeishi Ulaya, Amerika Kaskazini au Ghuba na ameanza kuzungumziwa sindano za kingamwili atahitaji vipimo zaidi ya kimoja, kwa sababu kila sindano ina mlango wake: omalizumabu hupitia IgE na mzio, mepolizumabu na benralizumabu hupitia eosinofili, na dupilumabu, iliyoidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2024 hata kwa COPD, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa COPD wenye eosinofili 300 au zaidi. Huyu amweleze daktari wake kwamba alikulia au hutembelea mahali penye safura na kichocho, jambo ambalo daktari wa huko huenda asilikumbuke. Strongiloidi huweza kukaa mwilini miongo mingi baada ya mtu kuhama, steroidi za vidonge huweza kuifanya isambae kwa kiwango cha kuua, na maelekezo ya sindano zinazolenga eosinofili yanataka minyoo itibiwe kabla ya dozi ya kwanza.